Muhuri wa Dokta Benoît

Likasi, 7 Aprili 2025

Shemeji Benoît,

Salamu nyingi. Mkeo ametupiga marufuku kupigiana simu, basi nakuandikia. Yasmine anasema siku ile tulipogombana, majirani zenu walizima redio ili wasikie vizuri, na aibu ile hataki kuiona mara mbili. Kwa hiyo mimi na wewe tutapitisha maneno yetu kwa karatasi, na dereva Aruna atayabeba kwenye basi lake pamoja na dawa za kituo chenu. "Mukiandika, kidogo mutapumua katikati," ndivyo alivyosema mdogo wangu Yasmine. Haya, napumua.

Ndani ya bahasha kuna ukurasa mmoja. Usiukunje kabla hujausoma. Unajua kwamba tangu Januari maduka matano ya dawa hapa mjini, langu likiwemo, tunaingiza kwenye mashine kila karatasi ya dawa, kila ordonansi, inayotufikia: dawa iliyoandikwa, umri na jinsia ya mgonjwa, namba ya fishi yake ya matibabu kituoni, na muhuri wa daktari. Jina la mgonjwa haliingii. Ofisi ya afya inajumlisha, kisha kila daktari anapelekewa ukurasa wake ajione alivyo kando ya wenzake. Hakuna anayeadhibiwa. Ni kujiona tu.

Sasa jione. Wenzako, katika ordonansi kumi, tatu zina sindano. Zako ni saba. Saba, Benoît! Na nyingi ni jentamisini, dawa ambayo wewe mwenyewe, ulipokuwa unamchumbia Yasmine na kutafuta kunipendeza, ulinieleza kwa nusu saa nzima kwamba ikirudiwarudiwa inakula figo na masikio. Leo unaigawa kama pipi za ubatizo. Nini kimekupata?

La pili si la dawa. Yasmine analia. Anasema mama yako, alipohamia kwenu mwaka jana, alikuwa akimwitikia vizuri. Sasa ni miezi hamwitikii. Anamsalimia asubuhi, mama anapita kana kwamba amepita mlango. Anamwita, haitiki. Yasmine anaamini mama amechoka kukaa na mkwe Mwislamu ila hana ujasiri wa kulisema. Ameniambia akija kwangu kwa Idi ya kuchinja, harudi tena kwako. Mimi namjua mdogo wangu, yeye hatishii watu. Zungumza na mama yako.

Karima


Barabara ya Mulungwishi, 12 Aprili 2025

Shemeji Karima,

Amani kwako. Nimepumua kama tulivyoagizwa. Haikusaidia.

Ukurasa wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Mashine yenu inaona karatasi, haioni mtu. Haioni kwamba maabara yangu ni darubini moja inayosubiri umeme. Haioni mwanamke aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni, ambaye ukimpa vidonge anavigeuza mkononi na kuuliza: "Docteur, njo hii tu? Sindano haiko?" Ukimnyima, anakwenda kwa yule mchuuzi wa sokoni anayechoma watu sindano juu ya nguo. Hata mama yangu, aliyeuza unga miaka yote ili nisome udaktari, ukimpa kidonge anakitazama kama umempa kokoto. Kwake dawa isiyouma ni ya kuchezea watoto.

Na hiyo saba imetoka wapi? Mimi sikumbuki kuandika saba. Ama mashine imelewa, ama kuna kijana huko ofisini anayeongeza kwa kuchoka.

Wewe nawe usijifanye mtakatifu. Nani alibandika tangazo dukani kwamba ordonansi bila muhuri wa daktari haipokelewi? Na wale wenzako wanne wakaiga siku ileile, kama kondoo. Mnakaa mjini, madaktari wamejaa kila kona, halafu mnatutungia sheria sisi tulio peke yetu barabarani kati ya malori ya madini na vumbi. Halafu mnatupima!

Kuhusu mama: ni uzee na ukaidi. Hata mimi ananipuuza. Misa ya redio anaifungulia sauti mpaka mbuzi wa jirani wanajua nyimbo. Siku hizi anatembea akishika ukuta ili tumwonee huruma, na nikitaka kumpima anasema daktari wa nyumbani ni wa kupasulia kuni tu. Nimemwambia Yasmine avumilie. Zaidi ya hapo siingii. Mwanamume anayeingia kati ya mama yake na mke wake hatoki mzima.

Benoît


Likasi, 21 Aprili 2025

Shemeji,

Mashine hailewi. Nilichukua maneno yako kwa uzito, nikaenda ofisini, nikaomba wanifungulie tarehe moja moja.

Unakumbuka mwisho wa Februari? Matanga ya baba mdogo Idriss. Ulikuja na Yasmine, mkakaa kwangu hadi arobaini yote ikapangwa, ukabeba viti vya kukodi, ukagombana na mpishi juu ya wali. Nakushukuru kwa viti. Lakini siku zote hizo hukushika kalamu, mimi ni shahidi, hata daftari la rambirambi ulimpa mtu mwingine aandike jina lako. Na siku hizohizo, Benoît, ordonansi zenye muhuri wako na saini yako ziliingia Likasi kila asubuhi. Karibu zote jentamisini.

Basi nieleze. Nimelizungusha kichwani wiki nzima, na kila nikizunguka nafika mahali pamoja: umeuza muhuri wako. Tunawajua wanaofanya hivyo. Wanaukodisha kwa watu wenye sindano za kumaliza, na jina lao linatembea peke yake barabarani. Sikudhani kwamba siku moja nitaliandika neno hili kwa mume wa mdogo wangu.

Yasmine sijamwambia. Ana yake ya kutosha. Juzi alinipigia analia tena: alimletea mama yako chai, akamwambia "Mama, iko moto, angalia," mama akainua kikombe akaungua, kisha akamkazia macho kana kwamba amemtegea. Anasema ataanza kufunga nguo zake kidogo kidogo, ili siku ya Idi masanduku yasiwe mazito.

Nijibu. Na safari hii usinipe hadithi ya darubini.

Karima


Barabara ya Mulungwishi, 27 Aprili 2025

Karima,

Leo sikuiti shemeji. Nitakueleza, utaniomba radhi, kisha tutaendelea kuchukiana kwa heshima kama zamani.

Sijauza kitu. Januari, mama mmoja wa hapa, Viviane, alipata nimonia. Mimi nilikuwa Lubumbashi kwenye mafunzo ya ekografi, zile picha za tumbo kwa mashine, ambako unajua nakwenda wiki moja kila mwezi. Muuguzi wangu Arsène alimpima, akaandika dawa iliyostahili, akampa Aruna aje kuinunua huko. Aruna alipita maduka yote matano. Kwako alifika wa kwanza, na wewe ulikuwa wa kwanza kumrudisha: hakuna muhuri. Akarudi mikono mitupu. Mume wa Viviane akamfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, akampeleka Likasi kwa pikipiki usiku huohuo, akafika midomo imebadilika rangi. Alipona kwa neema ya Mungu. Tangazo lako halikuchangia.

Tangu hapo, kabla ya kusafiri au kwenda matangani kubeba viti vyenu, napiga muhuri na kutia saini karatasi tupu, rundo zima, namwachia Arsène. Ndiyo, tupu. Ungetaka nifanye nini, nimwachie baraka? Arsène yuko kazini tangu mimi nikiwa mwanafunzi. Anaimba kwaya moja na mama yangu. Namwamini kuliko ninavyoiamini mashine yenu. Na watu wa hapa wananisimamisha njiani kunishukuru, kwa sababu sasa Aruna akienda anarudi na dawa.

Kama Arsène anapenda jentamisini kuliko ninavyoipenda mimi, nitazungumza naye. Si jinai.

Kuhusu chai: nimemuuliza mama. Anasema hakuna mtu aliyemwambia kitu. Ananidanganya machoni, mama yangu, katika umri huu!

Benoît


Likasi, 9 Mei 2025

Shemeji Benoît, maana nitakuita hivyo upende usipende,

Nakuomba radhi kwa neno la kuuza. Nimelia nilipofika kwenye midomo ya Viviane. Simkumbuki, na hilo ndilo linaloniuma: nilirudisha karatasi, sikufikiri kwamba kuna mtu aliyelala upande wa pili wa karatasi hiyo.

Tangazo nimelibandua. Nimekaa na wenzangu wanne na watu wa ofisi ya afya, tukabishana mpaka chai ikapoa, na tumekubaliana hivi: Arsène aandike kwa jina lake mwenyewe, tutampokea, kwa orodha fupi ya dawa anazoruhusiwa. Ya nimonia imo. Jentamisini haimo. Kwa hiyo lile rundo lako lichome.

Lakini radhi yangu ina mkia. Nilipojua kwamba mkono si wako, niliomba ordonansi zako zipangwe upya, si kwa muhuri tena bali kwa mgonjwa. Yuko mmoja, fishi namba 212 ya kituo chako. Mwanamke, miaka sitini na minane. Tangu Januari amepewa jentamisini mara tatu, kila mara wiki nzima ya sindano, na kila mara Aruna aliinunua duka tofauti kwa sababu ndivyo dawa ilivyopatikana. Kila duka liliona dozi moja, halikushtuka. Moja niliiuza mimi kwa mkono wangu.

Unajua maana yake kwa mwili wa umri huo. Masikio yakifa kwa dawa hii hayafufuki. Jina lake sinalo na sipaswi kuwa nalo. Wewe unalo, limo kabatini kwako. Fungua fishi 212, mtafute huyo mama, mpime masikio na figo, na umkataze Arsène asimguse tena kwa dawa hiyo. Ni kazi ya kufungua kabati, Benoît. Nakusihi, gombana nami baada ya kuifanya.

Karima


Barabara ya Mulungwishi, 15 Mei 2025

Shemeji Karima,

Radhi nimeipokea, na ile ya Arsène kuandika kwa jina lake ni akili ambayo ingetufaa tangu Januari. Nimemwambia. Amefurahi, akasema rundo lililobaki atalimaliza kwanza, karatasi ni ghali. Nikamwacha.

Fishi 212 nitaiangalia nikirudi. Kesho alfajiri nakwenda Lubumbashi, ufunguo wa kabati anao Arsène, na Arsène yuko kijijini kwa chanjo. Kizee mmoja, bila shaka mwenye homa ya matumbo, ile tifo yao ya kila siku, hatakufa kwa sababu nimechelewa wiki moja. Umeanza sasa kunitafutia na wagonjwa? Bibi wa miaka sitini na zaidi hapa ni nusu ya watu wanaokuja kituoni, na wote wanataka sindano. Unataka niwapige hodi mmoja mmoja nikiuliza kama wananisikia?

Nisamehe, nimechoka. Nyumbani kumeharibika. Jumapili Yasmine alipika samaki wa kukaanga na sombe ya majani ya muhogo, chakula anachokipenda mama. Akamwita. Mama alikaa uani ametugeuzia mgongo, anachambua maharage. Akamwita tena, na tena, kwa sauti ya adabu, ile yake. Mama hakugeuka hata shingo. Yasmine akakirudisha chakula chote chunguni, akaingia ndani, akafunga mlango. Mimi nikatoka, nikamzunguka mama mpaka mbele, nikamfokea kama sijawahi. Nilimwambia anavunja nyumba yangu. Alinitazama mdomo wakati wote, hakunitazama machoni hata mara moja, kisha akasema: "Benoît, sauti yako imekuwa kidogo sana. Weye mugonjwa?"

Mimi namfokea, yeye ananidhihaki! Niambie, shemeji, nifanye nini na mtu wa namna hiyo.

Benoît


Likasi, 29 Mei 2025

Benoît,

Yasmine yuko kwangu. Hakusubiri Idi. Alishuka juzi kwenye basi la Aruna na masanduku mawili, na bado hajafungua hata moja, anayakalia.

Sikuandikii kwa ajili ya masanduku. Fishi 212 imepewa jentamisini mara ya nne. Imenunuliwa tarehe 20, ulipokuwa Lubumbashi, kwa karatasi ya lile rundo ambalo ulimwacha Arsène alimalize. Nilipoiona nilipiga kelele dukani mpaka mteja akaacha mlango wazi akakimbia.

Jioni, tukipika, Yasmine akauliza kuna nini. Nikamwambia kuna bibi mmoja huko kwenu anayechomwa sindano za tifo kila mwezi na daktari wake hana muda wa kufungua kabati. Akasema, "Hata mama-mukwe, wiki ile Benoît iko safarini, alikuwa anaenda kwa Arsène kila asubuhi kuchomwa ya tifo. Njo siku ile tu anachekaka." Kisha akaendelea kumenya vitunguu. Mimi nikaacha kisu.

Nikamuuliza miaka ya mama. Hakuijua sawasawa. Nikamuuliza alizaliwa lini. Akasema mwaka mmoja na marehemu mama yetu, walishawahi kuhesabu pamoja. Marehemu mama yetu angekuwa na sitini na minane.

Zirudie barua zako kichwani, kama bado unakumbuka ulichoandika: redio, ukuta, kikombe cha chai, maharage. Uliniandikia wewe mwenyewe kwamba alikutazama mdomo.

Fungua kabati. Kisha nenda usimame nyuma ya mama yako na umwite. Usinijibu kabla hujafanya hivyo viwili.

Karima


Barabara ya Mulungwishi, 4 Juni 2025

Shemeji Karima,

Fishi 212 ni Mama Alphonsine. Jina limeandikwa vizuri kabisa, kwa mkono wa Arsène, kwa wino wa bluu.

Nilikwenda uani. Alikuwa anachambua maharage tena. Nilisimama nyuma yake nikamwita Mama. Nikamwita kwa nguvu. Nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa, nikauangusha kwenye saruji. Kuku waliruka wote. Mama aliona kuku wakiruka, akageuka, akanikuta nimesimama pale, akatabasamu, akasema, "Ulikuja saa ngapi?"

Arsène nilimwendea nikitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Alisema: "Docteur, mama alikuwa anakuya yeye mwenyewe. Alisema mwili inamuuma, tifo imerudia, hapana mwambia mutoto yangu, iko na kazi mingi. Na minye niliona karatasi iko na muhuri yako, iko na saini yako. Nilizani weye unayua." Karatasi ilikuwa na saini yangu kabla haijawa na jina la mama yangu.

Jumatatu nilimpeleka Lubumbashi kwa mtaalamu wa masikio. Figo ziko salama. Masikio, yale yaliyokwisha hayatarudi. Anasikia ngurumo ya lori, anasikia ngoma ya kanisani kwa mbali. Sauti ya mwanamke anayezungumza kwa adabu haisikii kabisa. Na ile ya kushika ukuta ni dawa hiyohiyo, imemharibia mizani ya kichwa. Mimi nilisema ni kiburi. Ulinisihi tarehe tisa, nami nikakujibu kwa mzaha, na siku tano baada ya jibu langu dozi ya nne ikanunuliwa.

Rundo nimelichoma. Lilikuwa limebaki karatasi chache tu, zikaungua upesi. Arsène sasa anaandika kwa jina lake, na kila Ijumaa tunakaa yeye na mimi, tunazisoma ordonansi zake na zangu pamoja. Nitumie ukurasa wa kila mwezi, hata kama ni wa aibu. Utume kwa namba za fishi pia, si kwa muhuri tu.

Mwambie Yasmine kwamba mama hakumpuuza hata siku moja. Hakumsikia. Mwambie wewe, mimi sithubutu, maana nilimwambia avumilie. Mama mwenyewe nimemwandikia kila kitu kwenye karatasi, kwa sababu hakuna njia nyingine. Ameingia nayo chumbani na amejifungia. Sijui anafanya nini humo.

Benoît


Mulungwishi, 9 Juni 2025

Mama Karima,

Jambo yako. Minye ni Alphonsine, mama ya Benoît. Naandika sawa vile nasema, juu ile kuandika ya masista nilishaisahau, unisamehe.

Mutoto yangu aliniandikia yote ilipita. Mara ya kwanza aliandika sawa vile badocteur banaandikaka, nilimurudishia, nikamuambia andika muzuri, muntu asome. Akaandika tena. Akalia. Nikamuambia: Benoît, acha kulia, minye naona tu kinywa yako inapinda, sisikie kintu. Arsène alinichoma kwa nguvu? Hapana, minye njo nilikuwa namufuata. Kosa yako weye ni moya: ulitia jina yako chini ya karatasi, haukuyua nini itaandikwa juu. Hata mu soko hatufanyake vile. Basi. Sasa nimechoka na machozi yake, anakuya nayo asubuhi na mangaribi, namutuma kupasua kuni.

Minye nilizani bantu bameacha kusema na minye. Nilizani ni uzee, muntu akizeeka banamusemea polepole, kisha banaacha. Yasmine nilikuwa namuona anapita asubuhi, kinywa inacheza kidogo, hapana simama. Nilisema mu roho: huyu bibi ya mutoto yangu anapita akinung'unika juu yangu. Njo minye nikamugeuzia mugongo. Ile siku ya samaki, nilisikia harufu! Nilikaa pale na njaa, nikingoya aniite. Mama Karima, banamuke babili mu nyumba moya, mumoya anaita, mwengine anangoya kuitwa. Nikikumbuka nasikia hasira, na sina muntu wa kumukasirikia.

Banasema mu mashini yenu minye njo namba 212. Haya, sina haya nayo, nionyeshe kwa badocteur bote. Lakini mukiona mama mwengine sawa minye, hapana ngoya mutoto yake arudie safari. Mutume muntu ile siku.

Sasa kintu iliniandikisha njo hii. Yasmine iko kwako na masanduku. Sitamulazimisha. Umusomee hii barua, na umuambie samaki ninapenda bado.

Na weye uniandikie kintu moya. Ile salamu ya Yasmine ya asubuhi, ile ya Kiislamu, namna ya kuitikia naiyua nusu tu, ile ya mu soko. Nataka yote, mpaka mwisho, sawa vile kwenu banaitikiaka muntu banamuheshimia. Andika na herufi kubwa. Benoît ataibandika karibu ya mulango, mahali naamukia. Yasmine akirudia, asimame mbele yangu, si kando. Nikiona kinywa yake inacheza nitayua ni hiyo, na nitamuitikia. Na kama ile asubuhi anasema kintu ingine kabisa, nitamuitikia hiyo hiyo tu.

Mama Alphonsine